Taa zimebadilishwa, mbona dizeli bado inaisha?

Rafiki yangu mmoja anatengeneza filamu. Mwaka jana alinipigia simu saa nne usiku, kakasirika kweli. Alikuwa anashuti filamu fupi Kigamboni, kwenye nyumba ya kupanga karibu na ufukwe, na wiki ile alikuwa ameachana na taa za zamani akakodi za LED. Alitaka kupunguza moshi na gharama ya mafuta. Hesabu yake ilikuwa rahisi: umeme ukipungua kwa theluthi mbili, dizeli nayo ipungue kwa theluthi mbili. Haikupungua hivyo. Kila siku lita kama 9 zilikuwa hazina maelezo.

"Huyu mzee wa jenereta ananiibia," akaniambia. "Kesho namlipa, asirudi."

Nikamwomba anipe siku moja. Utafiti wangu wa shahada ya uzamili ulihusu jenereta za dizeli, na kusema ukweli sikumbuki siku nyingine mtu alipokihitaji kile nilichosomea. Asubuhi nikafika lokesheni na klampu mita, ile mita ya mafundi umeme inayobana kwenye waya na kukuambia mkondo unaopita bila kukata chochote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kupima wizi?"

"Nimekuja kupima jenereta, baba."

Tuanze na taa, maana ndizo zilizoanzisha ugomvi. Taa ya zamani ya tungsten ni waya mwembamba unaochomwa na umeme mpaka ung'ae. Sehemu kubwa kabisa ya umeme huo inatoka kama joto. Mwanga ni kama asilimia 5 hadi 10 tu. Ndiyo maana waigizaji wanayeyuka vipodozi usoni na feni haiwezi kuwashwa kwa sababu fundi sauti atalalamika. LED inazalisha mwanga kwa njia nyingine, elektroni zinashuka ngazi ya nishati ndani ya kitu kigumu, bila kuhitaji kuchoma chochote. Kwa mwanga unaofanana inatumia takribani moja ya tano ya umeme.

Hapa Kigamboni zilikuwepo taa mbili za wati 2,000 kila moja, jumla kilowati 4. Ongeza kilowati 1 ya vitu vingine: chaja za betri za kamera, monita, kompyuta, taa ya kioo cha vipodozi. Jumla 5. Baada ya LED, taa zikashuka hadi 0.8, na jumla ikawa 1.8. Klampu mita ilikubali. Kwa hiyo rafiki yangu hakukosea kuhusu taa.

Alikosea kuhusu injini.

Jenereta ilikuwa ya kilowati 20. Ukisoma majedwali ya kawaida ya jenereta za ukubwa huo, ikibeba robo ya mzigo wake, yaani kilowati 5, inakunywa kama lita 2.3 kwa saa. Ikibeba nusu, kilowati 10, inakunywa kama 3.4. Angalia vizuri hizo namba mbili. Mzigo umeongezeka mara mbili, mafuta hayajaongezeka mara mbili. Kila kilowati ya ziada inakula kama lita 0.22 kwa saa. Sasa rudi nyuma kwa mwendo huohuo mpaka kilowati sifuri, usiwashe hata balbu moja: bado unabaki na kama lita 1.2 kwa saa.

Lita hizo zinaenda wapi? Zinaizungusha injini yenyewe. Pistoni zinasuguana na silinda, pampu za mafuta na maji zinazunguka, feni ya rejeta inapiga upepo, hewa inavutwa na kusukumwa nje. Jenereta ya umeme wetu lazima izunguke kwa kasi ileile wakati wote ili umeme ubaki hezi 50, kwa hiyo haiwezi kupumzika kama gari linavyopunguza mzunguko kwenye foleni. Ni kama basi la abiria 60 linalokwenda Morogoro na abiria watano. Mafuta hayawahesabu abiria.

Basi tupige hesabu ya mzee. Zamani: lita 2.3 kwa saa, saa 12, karibu lita 28. Sasa: 1.2, ongeza 0.22 mara 1.8, unapata lita 1.6 kwa saa. Kwa saa 12 ni lita 19. Rafiki yangu alitarajia 10. Lita 9 alizosema zimeibiwa zilitoka kwenye bomba la moshi, na mzee alikuwa ameandika 19 kwenye kidaftari chake kila siku bila mtu kumuuliza.

Na kwa mazingira? Lita moja ya dizeli ina uzito usiofika kilo 1, lakini ikiungua inatoa takribani kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi. Si uchawi: kaboni iliyomo inajishikiza na oksijeni ya hewani, na oksijeni ina uzito wake. Lita 19 ni zaidi ya kilo 50 kwa siku. Halafu injini inayobeba mzigo mdogo kwa muda mrefu haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, masizi yanaganda kwenye eksozi. Ule moshi mweusi na matone ya mafuta kwenye bomba ndiyo hayo.

Nikiona bango la "filamu rafiki wa mazingira" mara nyingi ni habari ya chupa za maji. Chupa ni sawa, zisitupwe ufukweni. Ila ripoti iliyotolewa Uingereza mwaka 2020 na BFI, albert na wahandisi wa Arup ilikadiria kwamba filamu moja kubwa kabisa ya bajeti nono inatoa wastani wa tani 2,840 za kaboni dayoksaidi, na kama nusu yake ni usafiri, asilimia 15 jenereta za dizeli. Filamu zetu ni ndogo mno kulinganisha na hizo, lakini hata kwetu usianzie kwenye chupa. Anza na mafuta. (Magari manne yanayobeba watu wanne kutoka mtaa mmoja, hilo tuliache kwa leo.)

Nilimuuliza mzee kwa nini walikodi kubwa hivyo. Akacheka. "Walisema taa kubwa, nikaleta kubwa." Hakuwa na makosa. Waya wa tungsten ukiwa baridi upinzani wake ni mdogo, ukiwasha mkondo unaruka mara kadhaa juu ya kawaida kwa kitambo, na jenereta ndogo inaweza kuzima. Sababu hiyo iliondoka siku taa zilipoondoka. Jenereta ndiyo haikuondoka.

Tena kulikuwa na faida ambayo hakuna aliyeiona. Kilowati 1.8 ni kama pasi moja ya umeme. Soketi ya kawaida ya ukutani, ampea 13, inabeba karibu kilowati 3. Kwa taa za zamani usingeweza. Kwa LED, filamu nzima ya ndani ya nyumba unaichomeka ukutani, unamnunulia mwenye nyumba umeme wa Luku, na sehemu kubwa ya umeme huo siku hizi ni maji ya Rufiji, bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Hata waya mrefu unafaidika. Joto linalopotea ndani ya waya linafuata mkondo mara mkondo, kwa hiyo mkondo wa taa ukipungua mara 5, joto lake linapungua mara 25.

Jenereta ikabaki kwa ajili ya matukio ya usiku ufukweni tu, na hapo tukabadilisha ile ya kilowati 20 kwa ndogo ya kilowati 5, tukaizima saa ya chakula. Betri kubwa ingefanya vizuri zaidi: unaichaji kwa mzigo mzito kwa muda mfupi, unazima injini, unashuti kimya. Kwa bajeti za hapa bado ni ghali kukodi, sitawadanganya.

Rafiki yangu alimwomba mzee radhi mbele ya watu, wali ukiwa mezani. Mzee akasema yameisha. Halafu akanivuta pembeni akauliza ile mita inauzwa Kariakoo duka gani.