Kalenga: Ngome Isiyo na Ukuta

Tuliondoka Njombe baada ya Swala ya Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya chai ya Kibena. Makambako, pale inapokutana njia ya Songea na barabara kuu ya Mbeya na Iringa, tuliwapakia wenzetu. Ndani ya basi dogo la kukodi tulikuwa familia tano, masufuria mawili ya pilau, na bibi mmoja wa Kibena aliyekubali kuja kwa sharti moja tu: asilazimishwe kumsifu Mkwawa.

Watoto walitarajia ngome. Walikuwa wameziona katika televisheni zile za Japani, ambako serikali iliamuru mwaka 1873 nyingi ziondolewe na bado misingi yake ya mawe makubwa imesimama. Wakadhani Kalenga nako watapanda ngazi na kuchungulia. Kalenga, mwendo mfupi kutoka Iringa mjini kwenye njia ya Ruaha, haina ngazi. Kuna kijiji, mahindi, makumbusho madogo, na mabaki ya ukuta yaliyolika kiasi kwamba asiyeonyeshwa angeyapita tu.

Hata hivyo hapa palikuwa na mji mkuu wa Uhehe, uliozungushiwa ukuta wa mawe na udongo. Tarehe 17 Agosti 1891 watu wa Mkwawa walikiangamiza kikosi cha Wajerumani huko Lugalo, jina ambalo wengi wanalijua leo kwa hospitali ya jeshi ya Dar es Salaam. Kamanda wao, Emil von Zelewski, aliuawa. Miaka mitatu baadaye Wajerumani walirudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka. Mkwawa aliponyoka, akapigana porini hadi 19 Julai 1898, alipojiua huko Mlambalasi ili asikamatwe hai.

Bibi alisikiliza yote hayo kimya, kisha akawaambia wajukuu jambo ambalo hatukulikuta katika maelezo ya makumbusho. Kabla ya Mjerumani, alisema, waliokuwa wakikimbia walikuwa Wabena, na waliokuwa wakiwafukuza walikuwa Wahehe. Alisema kweli, wengi walihama Ubena kwa sababu ya vita hivyo. Tuliona ni haki watoto wa Njombe wayasikie yote mawili siku hiyohiyo.

Ndipo tukaingia chumbani lilimo fuvu. Lipo ndani ya kioo.

Wengi wetu hatukujua kwamba fuvu hilo limetajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ibara ya 246. Ibara hiyohiyo inaanza kwa kuitaka Ujerumani imrudishie Mfalme wa Hijazi Msahafu wa Khalifa Uthman (R.A.), uliosemekana kuondolewa Madina na maofisa wa Kituruki na kupewa Kaisari Wilhelm wa Pili. Mara baada ya Msahafu linafuata fuvu la "Sultani Mkwawa", likabidhiwe serikali ya Uingereza. Muda uliowekwa ulikuwa miezi sita. Fuvu lilirudi mwaka 1954, baada ya Gavana Edward Twining kwenda mwenyewe Bremen na kulichagua miongoni mwa mafuvu ya jumba la makumbusho la huko, kwa vipimo vilivyolinganishwa na vichwa vya jamaa za marehemu. Alilikabidhi hapa Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Mmoja wa akina baba hakuweza kukaa chumbani. Alisema nje, kwa sauti ya chini, kwamba sisi tumefundishwa maiti ana heshima yake kama aliye hai, na mahali pake ni ardhini. Mwenzake wa Makambako akamjibu kwamba lingezikwa mwaka 1954, leo nani angeamini kuwa lilichukuliwa? Na wenye marehemu wao, akaongeza, si sisi. Walibishana hadi tulipofika msikitini Iringa, tulipokusanya Adhuhuri na Alasiri kwa kufupisha, na hawakuafikiana. Sisi tunaelemea kwa yule wa kwanza, ingawa tunakiri kuwa watoto wetu wasingeuliza walichouliza kama wangeonyeshwa kaburi tu.

Bibi ndiye aliyebaki mbele ya kioo muda mrefu kuliko wote. Alipotoka alimwambia binti yake neno moja: "Wangemfunika."

Mlambalasi, kilikozikwa kiwiliwili, iko mbele zaidi kwenye njia ileile. Hatukufika, jua lilikuwa limekwisha kuinama na nyumbani ni mbali. Tulipokuwa tukipita Mafinga, watoto wamelala, Bibi aliuliza nauli ya kwenda huko itakuwa kiasi gani.