Askari Atakaye Udaktari Huko Marekani: Mpango Usio na Kamanda

Askari wa tiba anajulikana katika kila kikosi. Ndiye afungaye jeraha wakati risasi zingali zinalia, na ndiye wa kwanza kuulizwa na majeruhi, "Daktari, nitapona?" ingawa yeye mwenyewe si daktari. Si ajabu, basi, kwamba baadhi yao, waachapo jeshi, huwa na hamu ya kulistahili jina hilo kwa haki. Leo tutazame jinsi askari wa Marekani anavyoiendea safari hiyo, kwa kuwa huko njia ni ndefu, na mara nyingi humlazimu mtu kujipangia masomo yake mwenyewe.

Katika Afrika Mashariki, kijana aliyefaulu vema masomo ya sayansi katika kidato cha sita huweza kuingia moja kwa moja katika masomo ya udaktari. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, kwa mfano, masomo hayo huchukua miaka 5. Marekani sivyo. Huko, kwa kawaida, mwombaji hutakiwa awe na shahada ya kwanza ya fani yoyote. Juu ya hiyo, vyuo vingi hutaka awe amesoma biolojia, kemia, kemia ya kaboni na fizikia, kila somo kwa mwaka mzima pamoja na kazi za maabara. Vyuo vingi huongeza biokemia, na vingine hudai hesabu au takwimu.

Sasa tumfikirie sajini mwenye shahada ya historia aliyoipata kwa kusoma jioni akiwa kazini. Shahada anayo, lakini sayansi hana. Imempasa arudi darasani. Vipo vyuo vyenye mipango maalumu kwa watu wa namna hiyo. Hata majeshi yenyewe, kwa njia ya chuo kikuu chao cha tiba kilichoko Bethesda, Maryland, yalianzisha mpango kama huo mwaka 2014 kwa ajili ya askari wasio maofisa. Wachaguliwao husoma muda wa miezi 24 wakiwa bado kazini na wakipokea mshahara. Lakini nafasi ni chache. Aliyekosa, au aliyekwisha kuvua sare, hujiandikisha katika chuo kilicho karibu na nyumbani kwake na kuchukua somo moja moja. Njia hii huweza kuwa nafuu kwa fedha, na humruhusu mtu kuendelea na kazi. Walakini haina kamanda: hapana wa kumwonya anapokosea.

Jambo la kwanza la kupanga ni mfuatano. Kemia ni mnyororo: kemia ya mwanzo hutangulia kemia ya kaboni, nayo kemia ya kaboni hutangulia biokemia. Mtu hawezi kuruka pete moja akaifikia nyingine. Mpango wa busara ni kusoma kemia na biolojia mwaka wa kwanza, kemia ya kaboni na fizikia mwaka wa pili, kisha biokemia katika muhula unaofuata. Ndipo uje mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari, uitwao MCAT, ambao huchukua takriban siku nzima, na ambao tangu mwaka 2015 hupima pia saikolojia na elimu ya jamii. Maombi hupelekwa mwezi wa Juni, na aliyekubaliwa huanza masomo mwaka unaofuata. Hivyo basi, tangu siku ya kwanza ya kemia hadi siku ya kwanza ya udaktari, miaka 4 hivi itakuwa imepita. Mbele yake itakuwapo mingine 4 ya chuo, kisha si chini ya 3 ya mafunzo hospitalini.

Jambo la pili ni hazina. Tarehe 22 Juni, 1944, Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria ya kuwasaidia askari waliorudi kutoka vitani, inayojulikana kwa jina la GI Bill. Sheria ya baadaye, ya mwaka 2008, humpa askari aliyetimiza masharti miezi 36 ya kulipiwa masomo. Mwaka mmoja wa chuo ni miezi 9 hivi; kwa hiyo miezi 36 ni miaka 4 ya masomo na si zaidi. Sajini wetu akitumia miaka 2 kwa sayansi, atabakiwa na msaada wa miaka 2 tu kati ya 4 ya chuo cha udaktari. Muhula alioanguka humla miezi kama muhula aliofaulu. Aidha, fedha hizo hulipia masomo yaliyomo katika mpango ulioidhinishwa. Achukuaye masomo ya kuokoteza hana budi kuuliza kwanza, na kupata jibu kwa maandishi, kabla ya kujiandikisha.

Jambo la tatu ni alama, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Ofisi ya pamoja ipokeayo maombi ya sehemu kubwa ya vyuo huhesabu kila alama ya chuo, hata ya somo lililorudiwa. Tuseme mtu alimaliza shahada kwa wastani wa 2.8 kati ya 4.0 katika vipimo 120 vya masomo. Akisoma vipimo 32 vya sayansi na kupata 4.0 katika kila kimoja, wastani wake wote utapanda hadi 3.05 tu. Je, kazi hiyo ni bure? La, hasha! Wachaguzi hutazama pia wastani wa sayansi peke yake, na kama mwombaji anapanda au anashuka. Lakini hesabu hiyo yaonyesha kwamba hana nafasi ya kuchezea. Afanyaye kazi mchana kutwa, kisha akabeba masomo manne ya maabara usiku ili awahi, huenda akapata alama zitakazomfuata maisha yake yote. Ni heri masomo mawili yaliyoshikwa vema.

Jambo la nne ni mashahidi. Mwombaji hutakiwa barua za walimu waliomfundisha sayansi. Anayepita peke yake, asipojitambulisha kwa walimu tangu muhula wa kwanza, atakuwa na alama nzuri asiwe na mtu wa kumsemea.

Nasi tuna la kujifunza. Wamo katika vikosi vyetu, vya jeshi na vya polisi, wauguzi na matabibu watamanio kupanda. Masharti ya kwetu ni mengine, lakini kanuni ni ileile: uliza masharti kwa chuo chenyewe, yaandike, hesabu miaka na fedha ulizo nazo, ndipo uanze. Ushujaa uliotuvusha vitani hautoshi mbele ya kitabu cha kemia. Hapo hutakiwa subira. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.