Dawa kwa Mtoto Njiti
Ini na figo za mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, hazijakomaa. Kafeini anayopewa hospitalini kusaidia upumuaji hupungua nusu mwilini mwa mtu mzima kwa takriban saa 5. Kwa njiti huweza kuchukua saa 100. Hivyo dozi ya pili huikuta ya kwanza ingalimo.

Dawa ya maji ya parasetamoli aghalabu ina miligramu 120 katika mililita 5. Kiasi hicho kwa njiti wa kilo 2 ni miligramu 60 kwa kila kilo, walau mara nne ya dozi inayofaa. Na kijiko cha nyumbani si kipimo.

Mzazi, uwe Ikungi, Manyoni au Iramba, usimpe njiti dawa yoyote bila maelekezo ya mtaalamu wa afya. Ikizidi, mpeleke kituoni mara moja pamoja na chupa, hata akionekana mzima: madhara ya ini huchelewa kuonekana.