Utangulizi: Kusoma Kuta za Njia ya Hija ya Malta

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anaijua Malta kwa jina la Melita. Ndiko ilikovunjikia merikebu iliyokuwa na watu 276, Paulo mfungwa akiwa mmoja wao, na ndiko nyoka alikomzonga mkono asimdhuru. Leo hujaji anayefuata njia ya Kimalta ya kwenda Santiago, Hispania, huanzia Rabat, kwenye pango ambalo mapokeo yanasema Paulo alikaa. Kisha hutembea kilomita 35 hivi hadi ngome ya Mtakatifu Angelo mjini Birgu, na kutoka hapo huvuka bahari kwenda Sicily.

Wageni wa taaluma hii ya kusoma kuta hukimbilia makubwa, wala siwalaumu. Mdina wana kanisa kuu la Lorenzo Gafà, lililojengwa upya baada ya tetemeko la 1693. Valletta wana mchoro wa Caravaggio wa 1608 unaoonyesha Yohane Mbatizaji akikatwa kichwa, na sahihi ya mchoraji iko ndani ya damu ile ile. Mosta wana kuba ambalo bomu la Wajerumani lililitoboa tarehe 9 Aprili 1942, waumini wakiwa ndani, lisilipuke. Hayo yameandikwa sana. Mimi nakuomba uanze na pango.

Watu waliamini kwamba Paulo aliwaondolea nyoka wa kisiwa sumu yao, na kwamba baraka hiyo imebaki katika jiwe. Basi wakalikwangua. Unga wake ulifinyangwa vidonge, ukapigwa mhuri, ukauzwa Ulaya nzima kama dawa ya sumu; na ikasemwa kwamba hata ukwangue vipi, pango halipungui. Pamoja na unga huo viliuzwa vijiwe vyenye ncha kali, vilivyochimbwa kwenye miamba ya kisiwa na kuitwa ndimi za nyoka. Matajiri walivichovya kwenye divai kabla ya kunywa, maana hofu ya kuwekewa sumu ilikuwa ya kweli. Mwaka 1667 Nicolaus Steno, aliyekuwa amepasua kichwa cha samaki papa huko Florence, alichapisha hoja kwamba vijiwe hivyo ni meno ya papa wa kale. Sipendi kuisimulia habari hii kama ushindi wa sayansi dhidi ya washirikina. Bila soko la mahujaji, vijiwe hivyo visingezagaa mezani kwa wataalamu.

Ukitoka mjini, tazama vikanisa vya mashambani, vingi havizidi ukubwa wa chumba kimoja. Kando ya mlango mara nyingi utaona kibao cha marumaru chenye maneno machache ya Kiitaliano: kanisa hili halina haki ya hifadhi. Kwa sheria ya zamani, mhalifu aliyewahi kuingia kanisani hakukamatwa humo. Katika karne ya 18 vikanisa vingi vilivyo mbali na watu vilinyimwa haki hiyo, na vibao vikawekwa ili mkimbizi asijidanganye. Nimesoma mijadala mirefu kuhusu mamlaka ya maaskofu na ya Shirika la Mtakatifu Yohane, lililotawala kisiwa wakati huo. Hakuna iliyonieleza mambo waziwazi kama kibao hicho.

Kisha sogea karibu na ukuta wenyewe. Jiwe la Malta ni chokaa laini ya rangi ya asali, na watu wameuchora kwa ncha za visu: merikebu zenye makasia, matanga, kamba, hata nanga. Je, ni shukrani za mabaharia walionusurika, ni maombi ya wake zao, au ni mchezo wa mlinzi aliyechoka kutazama bahari? Wataalamu wanabishana, na ubishi huo ni sehemu ya utamu wa kazi hii. Lakini upepo wa chumvi unaila mistari hiyo. Nenda asubuhi mapema au jioni, jua likipiga ukuta kwa ubavu. Saa sita mchana hutaona kitu.