Shimo Likishakula Pesa (Sehemu ya Pili)

Niania, mashariki mwa Kongo, ni njia panda. Barabara moja yatoka Kisangani, ya pili yaelekea Mambasa hadi Bunia, ya tatu yakata msitu kwenda Isiro. Soko la hisa halipo; wenye pesa huamua pa kuziweka wakiwa wamesimama ukingoni mwa shimo la dhahabu.

Mwenye shimo, PDG kama aitwavyo migodini, huwalisha wachimbaji, hununua mafuta ya pampu, kisha husubiri. Miezi hupita, dhahabu haionekani. Badala ya kuacha, huongeza. Mwaka 1985 Hal Arkes na Catherine Blumer walionyesha kwa majaribio kwamba mtu hung'ang'ania jambo la hasara kwa sababu tu ameshaligharamia. Kabla yao, mwaka 1979, Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kuwa uchungu wa kupoteza huzidi utamu wa kupata kiasi kilekile. Ndiyo maana aliyekwisha kuliwa hucheza kwa pupa zaidi.

Na mwanamke?

Brad Barber na Terrance Odean walichunguza akaunti za hisa za kaya zaidi ya 35,000 za Marekani, za miaka ya 1991 hadi 1997. Wanaume walinunua na kuuza kwa asilimia 45 zaidi ya wanawake, na pilikapilika hizo zikawapunguzia faida zaidi. Walijiamini kuliko walivyojua.

Lakini kumwita mwanamke mwoga kwa maumbile ni kukosea. Nchini Kongo, Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya kujifunga kisheria. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016 tu. Huo ulikuwa woga wa kuandikiwa! Tena, katika mashimo mengi ya mashariki hakubaliwi kushuka: eti dhahabu itakimbia.

Hata hivyo, amewekeza. Mama wa malewa (mgahawa mdogo) anayewakopesha wachimbaji sahani za maharage mpaka dhahabu itoke ameweka mtaji katika shimo lilelile la PDG, ila mgao hana. Kwa hiyo hugawa hatari: kidogo kwenye daftari la madeni, kidogo kwenye likelemba (mchango wa kupokezana kwa zamu), ambako aibu mbele ya wenzake humlazimisha kuchanga hata siku ya biashara mbaya. Maji yakijaa shimoni na wachimbaji wakahama usiku, daftari hubaki karatasi. Zamu yake ya likelemba ingali palepale.