MASOMO YA UTAWALA WA BIASHARA KWA KIINGEREZA: NCHI ZA NJE AU ARUSHA?

Kila yatokapo matokeo ya Kidato cha Sita, na kila Wizara zinapopanga mafunzo ya watumishi wake, suala moja hurejea maofisini na majumbani: je, kijana au mtumishi anayetaka kusoma utawala wa biashara apelekwe nchi za nje, au asome humu humu nchini? Uamuzi huo si mdogo. Zipo familia zinazouza kiwanja au shamba la mikarafuu ili kulipa ada ya mwaka wa kwanza, na wapo watumishi wanaoacha kazi na watoto kwa miaka miwili. Ni vyema basi mambo yakaelezwa kwa utaratibu, ili kila mmoja aamue akiwa na ujuzi.

Elimu yenyewe ni ipi?

Utawala wa biashara si elimu ya kuuza na kununua tu. Mwanafunzi hufundishwa uhasibu, usimamizi wa fedha, masoko, uongozi wa wafanyakazi, takwimu, sheria za biashara na upangaji wa mikakati. Shahada ya kwanza huchukua miaka mitatu au minne kwa kutegemea nchi. Shahada ya uzamili, ile ambayo wengi huiita MBA, huchukua mwaka mmoja katika vyuo vingi vya Uingereza na miaka miwili katika vyuo vingi vya Marekani. Asili yake ni Marekani, ambako Chuo Kikuu cha Harvard kilianzisha skuli yake ya biashara mwaka 1908. Kwa kuwa vitabu vyake vingi viliandikwa huko, elimu hii imeenea duniani ikiwa imevaa vazi la Kiingereza. Hata vyuo vya Uholanzi, Uturuki na Malaysia huifundisha kwa lugha hiyo.

Arusha, mji wa mafunzo ya uongozi

Msomaji asidhani kwamba ni lazima kuvuka bahari kuu ili kuipata elimu hii pamoja na wanafunzi wa mataifa mengine. Chini ya Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,566, upo mji wa Arusha ambao kwa miaka mingi umekuwa kituo cha shughuli za kimataifa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilikuwa na makao yake makuu hapo hadi ilipovunjika mwaka 1977, na Jumuiya ya sasa, ambayo Mkataba wake ulitiwa saini mjini humo tarehe 30 Novemba 1999, ina makao yake makuu hapo hapo.

Katika eneo la Njiro ipo Taasisi ya Usimamizi ya Afrika Mashariki na Kusini, ijulikanayo zaidi kwa herufi ESAMI. Taasisi hiyo iliundwa mwaka 1980 na ni mali ya Serikali kumi: Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi, Msumbiji, Namibia, Shelisheli, Eswatini, Zambia na Zimbabwe. Kazi yake ni kuwafunza viongozi na maofisa wa Serikali na mashirika, kwa kozi fupi na kwa shahada ya uzamili. Kwa miaka mingi shahada yake ya utawala wa biashara ilitolewa kwa mashirikiano na skuli ya usimamizi ya Maastricht, Uholanzi. Yaani mtumishi aliweza kusomea Arusha shahada iliyofungamana na chuo cha Ulaya.

Njiro hiyo hiyo kipo Chuo cha Uhasibu Arusha, kilichoundwa kwa Sheria ya mwaka 1990. Chuo hicho ni cha Serikali, na kinafundisha uhasibu, fedha, biashara na fani nyengine kwa Kiingereza. Kwa upande wa Usa River, mashariki ya mji, vipo vyuo vikuu viwili vya makanisa: Chuo Kikuu cha Arusha cha Waadventista Wasabato, ambacho utawala wa biashara ni moja ya fani zake, na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira cha Walutheri. Anayekwenda katika chuo cha dini yoyote asome kwanza kanuni za maisha ya chuo hicho, pamoja na siku zake za mapumziko, asije akashangazwa na jambo baada ya kulipa ada.

Ipo tofauti moja ambayo anayetoka Visiwani hatakosa kuihisi. Arusha iko juu kiasi cha mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai baridi yake ni kali kwa aliyezoea joto la Unguja na Pemba. Sweta na blanketi viingizwe katika hesabu ya safari.

Suala la lugha

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na si kwa kukosa akili. Mtoto wetu husoma skuli ya msingi kwa Kiswahili, kisha akakutana na Kiingereza cha vitabu katika sekondari. Anapofika chuo kikuu hutakiwa kusoma makumi ya kurasa kwa usiku mmoja na asubuhi kusimama na kuzieleza. Vyuo vingi vya nje hutaka kwanza cheti cha mtihani wa Kiingereza. Katika mtihani wa IELTS, ambao alama zake ni kuanzia 0 hadi 9, vyuo vingi hutaka 6.5 kwa shahada ya uzamili ya biashara. Mtihani huo hupima kusikiliza, kusoma, kuandika na kusema, na kwa kawaida matokeo yake hukubaliwa kwa muda wa miaka miwili tu. Asiufanye mapema mno yule ambaye bado hajapata chuo wala fedha.

Kufaulu mtihani si mwisho wa kazi. Kiingereza cha biashara kina mitego yake. Neno la Kiingereza lenye maana ya riba ndilo hilo hilo lenye maana ya hamu ya kujua jambo, na ndilo hilo hilo lenye maana ya maslahi. Neno lenye maana ya bidhaa zilizomo ghalani huweza pia kuwa na maana ya hisa za kampuni. Asiyeyajua hayo husoma ukurasa mzima akafahamu kila neno, na maana ikampita. Mwanafunzi anashauriwa aweke daftari la istilahi: upande mmoja neno la Kiingereza, upande wa pili Kiswahili chake, kama vile mtaji, mizania, uchakavu wa mali, faida ghafi na daftari kuu. Tunayo maneno hayo, na anayelifahamu jambo kwa lugha yake hulishika upesi kwa lugha ya mgeni.

Jambo la pili ni namna ya kufundisha. Katika skuli nyingi za biashara mwalimu hawasomei wanafunzi somo wakaandika. Huwapa kisa cha biashara, wakakijadili, kila mmoja akatoa uamuzi na sababu zake. Tuchukue mfano wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa ya arabika katika miteremko ya Meru. Wakulima wauze kahawa mbichi mara tu baada ya kuchuma, au wakope fedha za kujenga mtambo wa kuiosha ili ipate bei bora mnadani Moshi? Bei ya arabika duniani hufuata soko la New York, na mkopo hulipwa hata bei ikishuka. Mwanafunzi lazima apime, aamue, kisha aseme mbele ya wenziwe. Sisi tumelelewa kunyamaza mbele ya mkubwa, na hiyo ni adabu njema, lakini katika darasa la namna hii anayenyamaza hupoteza alama. Kusema kwa heshima si utovu wa adabu. Na kijana wa Kizanzibari aliyekua akisikia habari za bei ya karafuu na Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, anayo mengi ya kueleza katika mjadala kama huo.

Jambo la tatu ni uaminifu wa maandishi. Katika vyuo vyetu vya Kurani kuhifadhi ni sifa kubwa. Katika chuo kikuu, kuandika maneno ya mwengine bila ya kumtaja huhesabiwa wizi, na mwanafunzi huweza kufutiwa mtihani au kufukuzwa. Kanuni hiyo si ngeni kwetu. Wanazuoni wa Hadithi hawakubali kauli mpaka itajwe imepokewa kutoka kwa nani. Mwanafunzi afuate mwendo huo huo katika kila ukurasa anaouandika.

Ada na thamani ya shilingi

Ada za vyuo vya nje hutajwa kwa dola, pauni au yuro, na mshahara wetu ni shilingi. Tuseme ada ni dola 5,000 kwa mwaka. Dola moja ikiwa shilingi 2,300, ada ni shilingi 11,500,000. Dola ikipanda ikawa shilingi 2,600, ada hiyo hiyo huwa shilingi 13,000,000. Imezidi shilingi 1,500,000 bila ya chuo kuongeza hata senti moja. Mzazi atakayepanga fedha kamili bila ya akiba huweza kukwama mwaka wa pili, na kijana akarejea bila ya shahada na shamba limeshauzwa. Ziongezwe pia gharama za viza, bima ya afya, chumba, chakula na nauli.

Wakaazi wa Zanzibar wanaohitaji mkopo wafuatilie matangazo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa Sheria Nambari 3 ya mwaka 2011, na wayasome masharti yote kabla ya kutia saini.

Kutambuliwa kwa shahada

Shahada isiyotambuliwa haimpandishi mtumishi cheo. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, ndiyo yenye jukumu la kutathmini shahada zilizotolewa nje ya nchi. Kabla ya kulipa chochote, mwombaji azingatie haya:

1. Ahakikishe kwamba chuo kinatambuliwa na mamlaka ya elimu ya nchi kilipo, na fani anayoitaka imeidhinishwa.
2. Apate kwa Tume hati ya kutokuwa na pingamizi ya kwenda kusoma nje.
3. Akitumia wakala, ahakikishe wakala huyo ana kibali cha Tume.
4. Ajihadhari na chuo kinachoahidi shahada kwa wiki chache bila ya mitihani. Cheti cha kununua hugunduliwa, na fedheha yake haifutiki.
5. Atunze vyeti vyake vyote, kuanzia Kidato cha Nne, kwani vitatakiwa wakati wa tathmini.

Kwa watumishi wa Serikali

Mtumishi asiondoke kituoni kabla ya kupata ruhusa ya masomo kwa maandishi kutoka kwa mwajiri wake. Anayeondoka kwa ahadi ya mdomo huweza kukuta mshahara umesimamishwa. Vile vile fani anayoomba ilingane na mahitaji ya Wizara yake, ili atakaporejea elimu yake ipate mahali pa kutumika.

Isisahauliwe pia kwamba hapa hapa nyumbani vipo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichoko Tunguu, na Chuo cha Utawala wa Umma. Kwa wengi njia yenye busara ni kuchukua shahada ya kwanza Zanzibar, kufanya kazi miaka michache, kisha kwenda Arusha au nchi za nje kwa shahada ya uzamili, pale ambapo mtu ana uzoefu wa kuutia katika mjadala.

Mwisho, anayesoma kwa Kiingereza asikione Kiswahili kuwa ni mzigo. Hapo hapo Usa River kipo kituo cha mafunzo ambacho wageni kutoka Ulaya hukijia ili wafundishwe Kiswahili, na mwaka 2021 Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Mtaalamu wa biashara atakayeweza kuisoma mikataba kwa Kiingereza na kuwaeleza wakulima na wavuvi kwa Kiswahili fasaha, huyo ndiye nchi inayemhitaji. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kabla hajainama, achunguze kwanza kilichomo mvunguni.