Mzigo wa Mama Humfikia Mtoto Tumboni

Mama mjamzito akifika kliniki tunampima uzito, damu na presha. Lakini uko mzigo usioonekana kwenye mizani: hofu, ugomvi wa nyumbani, msiba, wasiwasi wa chakula cha kesho. Je, mzigo huo humgusa mtoto aliye tumboni? Ndiyo, na alama yake yaweza kuonekana hata akiwa mtu mzima.

Hutokeaje?

Mtu akiingiwa na hofu, mwili wake hutoa homoni iitwayo kotisoli. Kwa muda mfupi homoni hii humsaidia kukabili hatari. Kondo la nyuma nalo huzuia sehemu kubwa ya kotisoli isimfikie mtoto. Lakini hofu ikiwa kali au ikidumu, kinga hiyo yaweza kupungua, na mtoto akapata kotisoli nyingi wakati ubongo wake ungali unajengwa.

Mambo yaliyoonekana

Majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, Wajerumani walizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi. Mgao wa mtu mzima ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Watoto waliotungwa mimba katika kilele cha njaa hiyo walipokua, ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia ulionekana kwao kama mara mbili kuliko kwa wengine.

Pengine utasema, "Hiyo ni njaa tu." Basi tutazame Québec, nchini Kanada. Januari 1998 dhoruba ya barafu iliwakatia umeme watu zaidi ya milioni 3, wengine kwa zaidi ya mwezi mmoja, katikati ya baridi kali. Mtafiti Suzanne King na wenzake waliwafuatilia watoto ambao mama zao walikuwa wajawazito wakati huo. Wale ambao mama zao walipata taabu kubwa zaidi walikuwa nyuma ya wenzao katika lugha na kufikiri walipofika miaka 5.

Mama asilaumiwe

Hakuna mama anayejichagulia njaa wala dhoruba. Tena, hatari si hukumu: wengi wa watoto wale wa Uholanzi hawakuugua kamwe skizofrenia. Ubongo huendelea kujengwa baada ya kuzaliwa, na mtoto anayebebwa, kuzungumzishwa na kupendwa hupata msaada mkubwa.

Tufanye nini?

Baba, kumpiga mjamzito ni kupiga watu wawili. Mpunguzie kazi ya maji na kuni, hakikisha anakula, msindikize kliniki. Mama mkwe na majirani, msimwachie msiba wake peke yake.

Nawe mama, ukiona huzuni inapita wiki mbili, usingizi umekukimbia au chakula hakipiti, usingoje siku ya kliniki, mweleze muuguzi. Ukipata mawazo ya kujidhuru, njoo hospitali siku hiyo hiyo. Kusema si aibu. Unajitibu wewe, na unamjengea mwanao ubongo atakaoutumia maisha yake yote.